Ulinganisho: Shiba, Kai, Shikoku au Kishu, nani amfae Labrador jike?

Mlezi wa Tunu
Habari zenu wadau. Nina Labrador jike anaitwa Tunu, ana miaka minne, kafungwa kizazi, ana kilo 28. Hana ugomvi na mbwa yeyote, lakini uchezaji wake ni wa nguvu: anakuja mbio kifua mbele, anamgonga mwenzake, anamlalia, halafu anageuka chali naye afanyiwe hivyo hivyo. Mchana akibaki peke yake anazubaa mlangoni tu, ndiyo maana nataka kumtafutia mwenza.

Moyo wangu uko kwa mbwa wa asili wa Kijapani, wale wa uwindaji. Nimebakiza wanne: Shiba, Kai, Shikoku na Kishu. Kwa sura, Shikoku ananimaliza kabisa na ile rangi yake ya ufuta. Ila ninachotaka kujua ni nani ataishi na Tunu kwa amani akishakomaa, siyo utotoni tu ambapo kila mbwa ni rafiki wa kila mtu. Ua upo na una ukuta, matembezi ni asubuhi na jioni, na ndani kuna paka mzee. Mliowafuga, naombeni mnieleze mlivyowaona.

Mkia Juu
Karibu mkuu. Mimi ni wa Shiba, na kwa mapenzi yote niliyonayo kwake, kwa Tunu simshauri. Dume wa Shiba ana kimo cha sentimita 38 hadi 41 begani na uzito wa kilo 10 hivi. Tunu akimjia kwa kifua anamzidi karibu mara tatu. Tena siyo suala la kuumia mwili peke yake. Shiba ana mipaka: hataki kulaliwa, hataki mbwa mwingine amsogelee usoni, na akisumbuliwa anaonya. Onyo la kwanza ni dogo sana: kichwa kinageuka pembeni kidogo, midomo inakaza, mwili unaganda. Labrador mwenye furaha hata halioni, na onyo la pili ni meno.

Shiba anaishi vizuri na mbwa mtulivu wa jinsia tofauti, kila mmoja akashika lake. Wengi wao ni wachoyo wa chakula na vitu vya kuchezea. Na udogo wake usikupe imani upande wa paka, maana kazi yake ya asili ilikuwa ndege na wanyama wadogo vichakani.

Korongo
Naona Shikoku ameshakuteka, kwa hiyo niseme kwa urefu maana ndiye ninayeishi naye, dume, pamoja na jike wa mchanganyiko.

Huyu katoka milima ya Kochi huko Japani, alikokuwa akimfuata nguruwe pori na kumzuia mahali pamoja mpaka mwindaji afike. Kazi hiyo inataka mbwa anayeingia, anauma, anachomoka, anarudi upande mwingine. Ndivyo anavyocheza pia. Anamvizia mwenzake, anambana ukutani, anamshika ngozi ya shingo au mguu wa nyuma, anakimbia. Anabweka, ananguruma, analia kwa sauti ya juu. Ukiwa chumba kingine unaweza kudhani wanauana. Kwa nguvu, Tunu atapata wa kumtosha. Tatizo liko kwenye kuacha. Shikoku akishapanda moto hashuki haraka, na Labrador anayejitupa kwa kifua ndiye wa kumpandisha. Inabidi mwenye mbwa aingilie mchezo ukiwa bado mzuri, awatenganishe dakika chache, wanywe maji, wanuse nuse majani, ndipo waendelee. Kwetu hiyo ni kazi ya kila siku na siichoki, lakini uijue mapema.

Halafu kuna ukuaji. Akiwa na miezi minne atajilaza mbele ya Tunu na kumlamba mdomo, nawe utaona umepata ndugu wa kufa na kuzikana. Tabia halisi inajitokeza anapokomaa, kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu hivi. Dalili ya kuangalia ni hii: mwenzake amesimama kwenye mlango mwembamba, yeye anakuja kutoka ubavuni, anaweka kidevu juu ya mabega yake na kutulia tuli, mkia umekaza juu ya mgongo. Usipige kelele hapo, wala usivute ukanda wa shingoni. Waite kwa sauti ya kawaida huku ukitembea kuelekea kwingine, wote wakufuate. Kuvuta ndiko kunakowasha vita.

Dume na jike wengi hupita kipindi hicho salama. Majike wawili ndiyo mseto nisiousogelea. Wakishachukiana hawasahau, na mara nyingi mwisho wake ni mmoja kuhamishwa nyumba. Kwa hiyo yeyote utakayemchagua kati ya hao wanne, chukua dume.

Mlezi wa Tunu
Asante sana Korongo, hili la mlangoni sijawahi kulisikia. Nilikuwa nafikiria jike kwa sababu dume huwa anakojoa kila kona. Na Kishu je? Naona watu hawamzungumzii.

Nyasi Ndefu
Kukojoa kunafundishika, chuki ya majike sidhani.

Kishu ni wa rasi ya Kii, upande wa Wakayama na Mie, naye ni wa nguruwe pori. Siku hizi wengi ni weupe, ingawa zamani walikuwepo wenye madoa na michirizi. Kwa ndani ya nyumba ni mtulivu kuliko Shikoku, wala habweki ovyo. Lakini ule ukimya ni wa mwindaji: anavizia bila kutoa sauti, na akishaamua, ameamua. Kwa Tunu anaweza kufaa, dume aliyekulia kati ya mbwa wengine. Kwa paka, mimi nisingejaribu. Shikoku walau atapiga kelele ukageuka kuangalia.

Mwana wa Milima
Wakuu, mmemwacha Kai mpaka mwisho na ndiye jibu la mwenye mada.

Kai ni wa milima ya Yamanashi, ambayo zamani ilikuwa jimbo la Kai. Aliwinda kulungu, nguruwe pori na kamoshika, yule mnyama wa jamii ya mbuzi anayekaa kwenye miamba. Ndiyo maana ana miguu ya ajabu. Anapanda mawe, anapanda hadi miti iliyoinama, na ukuta wako, mkuu, upime upya. Kwa kimo yuko karibu na Shikoku, sentimita 50 hivi kwa dume, lakini mwili ni mwepesi zaidi. Huzaliwa karibu mweusi mtupu, kisha michirizi inatokeza taratibu. Wangu nilianza kuiona mapajani jua la asubuhi likimpiga, ndani ya nyumba haikuonekana kabisa.

Sasa tabia. Kati ya hawa wanne, Kai ana sifa ya kuelewana na mbwa wa nyumbani kwake kuliko wengine, na nilivyoona mimi sifa hiyo ni ya kweli. Mbwa akimgonga hakai kushindana naye: anaruka pembeni na kumzunguka, na yule aliyekuja kwa kifua anajikuta anakimbiza hewa. Kwa Tunu huo ni mchezo mtamu na hauna hasira ndani yake. Anashikamana na watu wake sana. Kasoro yake ni woga wa vitu vigeni. Mtoto wa Kai asipozoeshwa watu, sauti na mbwa tofauti kabla ya wiki ya 14 hivi, unaweza kupata mbwa anayejificha nyuma ya kochi kila mgeni akibisha hodi.

Mkia Juu
Sikupingi kuhusu mchezo, lakini hiyo sifa ya Kai tuiseme kwa uangalifu. Hawa wote ni mbwa wa wawindaji waliohifadhiwa makusudi wabaki hivyo. Chama cha Nihon Ken Hozonkai kilianzishwa mwaka 1928 ili mbwa wa asili wasimezwe na mbegu za kigeni, na serikali ya Japani ikawatangaza kuwa hazina za asili: Kai na Kishu mwaka 1934, Shiba 1936, Shikoku na Hokkaido (mbegu nyingine ya Kijapani, nje ya hawa wanne) 1937. Hakuna aliyekuwa anatafuta mbwa wa kucheza na Labrador. Kai mmoja mmoja anaweza kuwa mgumu kuliko Shikoku wa Korongo. Aone wazazi wa huyo mtoto, aone wanavyoishi na mbwa wengine, siyo wakiwa wamefungiwa kila mmoja kivyake.

Mwana wa Milima
Hapo tuko pamoja mkuu.

Tabibu wa Wanyama
Niongeze ya afya na ya kuwakutanisha.

Mfugaji wa Shiba muulize kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa GM1, unaoharibu mfumo wa fahamu na kuua mbwa akiwa mdogo, pia muulize kuhusu mzio wa ngozi na magoti yanayoteguka. Kama utashawishika na Hokkaido, muulize kuhusu macho, maana hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye sehemu ya nyuma ya jicho ni ya kawaida kwao. Kai, Kishu na Shikoku ni wachache duniani, hivyo omba kuona ukoo wa vizazi kadhaa ujue wazazi wana undugu wa karibu kiasi gani.

Siku ya kwanza wasikutane ndani ya ua wa Tunu. Tafuteni sehemu ambayo si ya yeyote kati yao, watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, mtembee sambamba mkiwa mmeachana hatua kadhaa. Mkiona wamelegea, punguzeni nafasi. Wakinusana, iwe kwa sekunde chache kisha mwendelee kutembea. Kwa miezi ya mwanzo kila mmoja ale chumba chake na alale mahali pake, hata kama wanapendana. Na Tunu awe na saa zake na wewe bila mgeni.

Korongo
Mwenye mada, usifikirie mtoto tu. Dume aliyetimiza miaka miwili au mitatu, anayetafutiwa nyumba kwa sababu mwenyewe anahama au ameshindwa kazi, tayari ameshaonyesha yeye ni nani. Unampeleka Tunu, mnatembea, mnarudi tena siku nyingine, na unaona kwa macho yako. Kwa mbegu hizi mimi napendelea hivyo kuliko kubahatisha na mtoto wa wiki nane.

Mlezi wa Tunu
Nimewasoma wote, tena kwa kurudia. Shikoku nitaendelea kumpenda kwa mbali. Ile kazi ya kuwatenganisha kila siku siwezi kuiahidi kwa moyo mmoja, na Tunu hajui kabisa kuacha. Nimeamua Kai, dume, na nitaanza kwa kutafuta aliyekomaa kama Korongo alivyosema. Ukuta tunauongeza. Limebaki la paka. Mwana wa Milima, wewe una paka?

Mwana wa Milima
Ninaye, na wanaishi. Lakini Kai wangu alimkuta paka, yeye mbwa akiwa bado mtoto. Kwa dume mkubwa muulize mwenyewe swali moja: amewahi kulala chumba kimoja na paka? Jibu likiwa hapana, weka geti la ndani lenye nafasi paka apite na mbwa asipite, na makabati ya juu yawe wazi kwa paka kupanda. Mbwa awe na kamba ndani ya nyumba mpaka aweze kumwona paka akikimbia na yeye abaki amelala. Paka anayetembea, karibu kila mbwa anamvumilia. Anayekimbia ndiye kipimo, na mpaka hapo wasiachwe pamoja hata dakika ya kwenda kufungua mlango.