Uraia wa wachezaji: kwa nini hati zikaguliwe baada ya mabao kuingia?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Tumezoea sasa kwamba mechi za kufuzu zikishachezwa, na mashabiki wakishashangilia au kulia, msimamo wa kundi unapanguliwa miezi kadhaa baadaye mezani kwa sababu imegundulika kuwa mchezaji fulani hakustahili kuivaa jezi aliyoivaa. Kanuni hazijapungua. FIFA inazo, na ni za kina kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kinachonikera ni kwamba kanuni hizo hulala usingizi hadi atokee aliyefungwa na kuamua kulalamika.

Nianze na kisa kinachoniuma zaidi. Machi 2013 Guinea ya Ikweta iliifunga Cape Verde 4–3 katika kuwania kufuzu Kombe la Dunia, na mabao matatu kati ya hayo aliyafunga Emilio Nsue, mzaliwa wa Hispania aliyekuwa amezichezea timu za vijana za nchi hiyo. FIFA iliamua kwamba hakustahili kucheza, na Cape Verde ikapewa ushindi wa mezani wa 3–0. Ungetegemea kuwa baada ya hapo jina hilo lingewekewa alama nyekundu katika kila ofisi inayohusika na soka la kimataifa. Badala yake Nsue aliendelea kuitwa, akawa nahodha, na katika AFCON iliyofanyika Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 alifunga matatu dhidi ya Guinea-Bissau na mawili katika kipigo cha 4–0 walichopewa wenyeji, akaondoka na tuzo ya mfungaji bora. Mei 2024 ndipo FIFA ilipoamka, ikamfungia miezi sita na kufuta ushindi wa 1–0 dhidi ya Namibia na mwingine wa 1–0 dhidi ya Liberia, mechi ambazo bao la pekee katika kila moja lilikuwa lake. Kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili imepita miaka 11, juu ya mchezaji yuleyule, timu ileile na kosa lilelile.

Sasa mlinganishe na Munir El Haddadi. Huyu aliingizwa uwanjani na Hispania mwezi Septemba 2014 dhidi ya Macedonia zikiwa zimebaki dakika chache mechi iishe, na kwa kuwa ilikuwa mechi ya mashindano, dakika hizo zilimfunga pingu. Alipotaka kuichezea Moroko alifuata utaratibu kama mtu mwenye adabu zake: aliomba, akakataliwa, akaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa, na Kombe la Dunia la 2018 likampita. Ilibidi kanuni yenyewe ibadilishwe mwaka 2020 ndipo afunguliwe njia, na jezi ya Moroko akaivaa 2021. Aliyebisha hodi alisimamishwa mlangoni miaka yote hiyo, na ambaye hakukidhi masharti alikuwa ndani akifunga mabao. Huu ni utaratibu wa namna gani?

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu kanuni zenyewe, kwa sababu naziona kwa sehemu kubwa kuwa za haki. Zamani mambo yalikuwa holela. Luis Monti alicheza fainali ya 1930 akiwa na Argentina na fainali ya 1934 akiwa na Italia, na Alfredo Di Stéfano aliichezea Argentina kabla ya kuichezea Hispania. Mwaka 2004, Qatar ilipotaka kuwachukua Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, akiwemo Aílton, bila wao kuwa na uhusiano wowote na nchi hiyo, FIFA ilitamka kwamba pasipoti peke yake haitoshi. Mchezaji anayepata uraia mpya lazima awe amezaliwa katika nchi hiyo, au mzazi wake, au babu au bibi yake. La sivyo awe ameishi huko kwa muda uliowekwa, ambao kwa aliyehamia akiwa mtu mzima ni miaka mitano. Anayetaka kubadili timu ya taifa baada ya kucheza mechi za mashindano za timu ya wakubwa anaruhusiwa iwapo hazikuzidi tatu, zote alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, hakugusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara, na imepita angalau miaka mitatu tangu ile ya mwisho. Mechi za kirafiki hazimfungi mtu, ndiyo maana Declan Rice alihama kutoka Ireland kwenda Uingereza baada ya mechi tatu. Hayo yote yameandikwa wazi.

Lakini ni nani anayeyakagua kabla ya mechi? Kamisaa wa mechi anafungua pasipoti, anatazama picha, anatazama sura iliyosimama mbele yake, anaangalia kama jina linalingana na lililo kwenye orodha, kisha anamrudishia mwenyewe. Pasipoti haimwambii kamisaa babu alizaliwa wapi, wala haimwambii kwamba mwenye nayo aliwahi kuichezea nchi nyingine. Yaani kile ambacho FIFA yenyewe ilisema mwaka 2004 kuwa hakitoshi, ndicho kinachoangaliwa dakika za mwisho pale nje ya chumba cha kubadilishia nguo.

Na wasituambie kwamba haiwezekani. Mchezaji wa klabu, hata ile ya daraja la chini kabisa la kulipwa, akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine hagusi mpira wa mashindano hadi ITC yake, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, itoke, na tangu Oktoba 2010 uhamisho wa kulipwa wa kimataifa hupitia TMS, mfumo wa FIFA wa kulinganisha taarifa za uhamisho, ambao usipojazwa sawasawa unamzuia mchezaji huyo kusajiliwa. Kwa klabu wanamzuia mtu kwanza, maswali yanaulizwa akiwa nje ya uwanja. Kwa timu za taifa, ambako kinachopiganiwa ni Kombe la Dunia, wanamwacha acheze kwanza.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba adhabu inayokuja kwa kuchelewa humwangukia hata asiyehusika, na nyakati nyingine humwangukia mlalamikaji mwenyewe. Septemba 2016 Bolivia ilimwingiza Nelson Cabrera, mzaliwa wa Paraguay ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano ya ukaazi, katika ushindi wa 2–0 dhidi ya Peru na sare ya 0–0 dhidi ya Chile. Chile ililalamika, na mechi zote mbili zikageuzwa kuwa 3–0. Chile ikavuna pointi mbili za ziada, lakini Peru, iliyokuwa imefungwa kihalali uwanjani kwa maana ya mabao, ikavuna tatu. Oktoba 2017 timu hizo zilimaliza zikiwa na pointi 26 kila moja, Peru ikashika nafasi ya tano kwa tofauti ya mabao na hatimaye ikaenda Kombe la Dunia la 2018 Urusi. Ondoeni pointi za mezani mpige hesabu wenyewe: Chile ingekuwa na 24 na Peru 23. Bingwa wa Amerika Kusini alibaki nyumbani kwa barua aliyoiandika mwenyewe, kwa sababu tu Cabrera hakuzuiwa mapema.

Kisa cha Byron Castillo wa Ecuador nakipitia haraka maana kinanipandisha presha. Novemba 2022 mahakama hiyohiyo ya michezo ilikubali kwamba alizaliwa Tumaco, Colombia, na kwamba hati zake zilikuwa na taarifa za uongo, lakini kwa kuwa Ecuador yenyewe ilimtambua kuwa raia wake, ikaachwa iende Qatar na kukatwa pointi tatu katika kufuzu kwa 2026. Ecuador ilianza na pointi hasi tatu, ikamaliza ya pili na kufuzu tena. Waliolalamika hawakupata hata moja.

Mwaka 2025 tukafika mbali zaidi. Malaysia iliifunga Vietnam 4–0 mwezi Juni, malalamiko yakapelekwa, na mwezi Septemba FIFA ikatangaza kwamba wachezaji saba walitumia nyaraka zilizoghushiwa, kwani vyeti halisi vilionyesha babu na bibi zao walizaliwa Argentina, Brazili, Uholanzi na Hispania. Kilichonishangaza ni wepesi wenyewe: vyeti halisi vilipatikana ndani ya miezi michache mara tu mtu alipoamua kuvitafuta. Vingeweza kutafutwa Mei.

Kuna wale watakaokuja hapa kusema dawa ni kuwafukuza wote waliozaliwa nje. Hao sipo nao. Moroko ilifika nusu fainali mwaka 2022 ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Achraf Hakimi kuzaliwa Madrid hakumfanyi kuwa mamluki. Jérôme na Kevin-Prince Boateng, watoto wa baba mmoja, walizaliwa Berlin na kukutana katika Kombe la Dunia mara mbili, mmoja akiwa na Ujerumani na mwingine Ghana, na wote walikuwa halali. Kelele za "mamluki" zinawaumiza hawa wakati wenye makosa ni maofisa waliosaini fomu.

Ninachotaka ni kidogo tu. FIFA tayari inaweka hadharani orodha ya walioidhinishwa kubadili shirikisho. Basi shirikisho lolote linalotaka kumchezesha mtu aliyezaliwa nje, aliyepata uraia ukubwani au aliyewahi kuchezea nchi nyingine lilazimishwe kupata kibali cha maandishi kabla ya jina lake kuingia kwenye orodha ya mechi, na asiye na kibali asikanyage nyasi. Mwenye hoja ya kwa nini kinachowezekana kwa klabu kishindikane kwa timu ya taifa aiweke hapa tuisome. Wakati tunamsubiri, uamuzi wa Mei 2024 haukuyagusa yale mabao matano ya Nsue ya AFCON, na jina lake lipo palepale kwenye orodha ya wafungaji bora.