Mrejesho: kanuni za mashindano ya ndege ndogo za kizamani ukumbini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ndege ndogo ya mtindo wa zamani, ile inayoendeshwa na mpira uliosokotwa, inaweza kufunikwa kwa plastiki nyepesi ya kisasa na bado ikapokelewa kwenye mashindano ya ukumbini hapa Marekani. Waandaaji wamejibu: hapana. Ni mbao ya balsa na karatasi laini tu, nyuzi za kaboni marufuku. Mchoro nao uwe wa kabla ya mwisho wa 1942, mpaka uleule wanaoutumia SAM, chama cha waundaji wa ndege ndogo za zamani, kwa modeli za kale.

Aliyenishauri niulizie mikrofilamu, asante sana. Utando ule hupatikana kwa kumimina myeyusho wa selulosi juu ya maji, na wapenzi wa ndege hizi waliutumia tangu miaka ya 1930. Ni wa zamani kweli! Hata hivyo umekataliwa, ili wanaoanza wasiachwe mbali. Naona wana haki.

Uzito wamechukua wa Pennyplane, daraja mojawapo la mashindano ya ndege ndogo za ukumbini: usipungue gramu 3.1 bila mpira, yaani uzito wa senti ya zamani ya Marekani. Yangu ilikuwa nyepesi, nikabandika punje ya udongo wa kufinyangia chini ya bawa, palepale kwenye kitovu cha uzito, pua isiiname.

Imekaguliwa, imepita. Inaruka Jumamosi. Mpira nimeshaupaka silikoni. Mwenye uzoefu wa kuifanya izunguke duara dogo, isiguse kuta, naomba anieleze usukani niukunje kiasi gani.