Nna mimba ya wiki 33, natumia dawa, mama mkwe hajui. Nimnyonyeshe mtoto au nisimnyonyeshe?

Bint_Kusi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Anayetaka kunisema naomba aniache, nshajisema mwenyewe vya kutosha. Akaunti hii nimefungua leo kwa suala hili tu.

Nipo Pemba upande wa kaskazini, mimba yangu ya kwanza hii. Nilipokwenda kliniki mara ya mwanzo na wiki kama 14 wakatupima damu kama wanavyotupima sote, majibu yakatoka nina virusi vya UKIMWI. Mume nae akaenda kupima, anavyo. Hatukugombana sana, nani kaanza hatujui na tukaona hata tukijua hakutatusaidia kitu. Dawa nikaanzishwa wiki ile ile, hichi kidonge kimoja kila usiku. Miezi mitatu baadae wakanitoa damu ya kupima wingi wa virusi wakanambia havionekani, nililia mbele ya nesi kwa furaha.

Sasa tatizo. Tunakaa kwa mama mkwe, hajui na siwezi kumwambia, namjua. Kwa hivyo dawa sichukulii huku, nimejiandikisha Unguja, zikikaribia kuisha nasema nakwenda kumtizama dada angu. Wiki mbili zilizopita bahari ilichafuka, kusi linapiga, boti hazikutoka na mie nilikuwa nshachelewa kupanga safari, nikakaa siku 5 bila ya kidonge. Tangu hapo usingizi sina.

La pili kunyonyesha. Nesi kasema ninyonyeshe. Dada angu anasema wapi, zamani jirani yake aliambiwa mtoto akifika miezi 6 amwachishe siku hiyo hiyo, maziwa ndo yanayopitisha, ninunue ya kopo. Haya nikinunua ya kopo na kifua kimejaa maziwa mama mkwe nimwambie nini? Kwetu huku mzazi asiyenyonyesha mtaa mzima unajua kuna jambo. Na wajukuu wote wa nyumba hii wamepewa maji ya sukari siku ya kwanza, dawa ya chango, tende ya tahniki anayopakwa mtoto kinywani akizaliwa, miezi mitatu uji. Mama angu mzazi katangulia mbele ya haki kwa hivyo arobaini nzima nipo chini ya mkono wa huyu bibi. Na hiyo dawa ya maji atakayopewa mtoto akizaliwa ili kumkinga ntaificha wapi??

Anayejua anambie, sio kunitisha.

Bwana_Makoti

Pole dada. Ila kusema kweli kama mnajua mna matatizo kwa nini mnazaa, mtoto kakosa nini

UmmuZ

Makoti umesoma au umerukia mwisho? Kagundua tayari ana mimba. Na hata angejua kabla, angezaa tu vile vile, mie nimezaa wawili na najua hali yangu tangu 2015, wote wazima, mkubwa yupo skuli anatusumbua na hesabu. Nenda zako kwenye mambo ya mpira.

Bint_Kusi shoga angu tulia. Kwa mkwe nakujibu mie mana nimepita humo humo, kwa dawa namwachia mkunga wetu akiingia, yupo humu huwa anatujibu usiku.

Mie sikumwambia mkwe kuhusu virusi, nilimwambia kuhusu tumbo. Yani mume wangu ndo alosema, sio mie, hilo ni muhimu, likitoka kwangu lingekuwa jeuri ya mke. Alikaa nae akamwambia mama, daktari kasema mtoto huyu asipewe chochote miezi sita, hata tone la maji, tumbo lake litaharibika, na ikitokea mimi ndo ntaulizwa. Bibi alinuna wiki nzima lakini mtoto wa kiume kasema. Na uzuri wake si uongo, watoto wote wanaambiwa hivyo kliniki, wenye virusi na wasio na virusi, hata kadi ya mtoto anaweza kumuonyesha.

Ile hamu yake ya kumpa mtoto kitu nikaigeuzia kwangu. Bibi nna njaa, bibi uji wa pilipili manga, bibi supu ya kuku wa kienyeji maziwa hayatoki. Wallahi alipika mpaka nikanenepa mashavu. Akijiona ana kazi hamkumbuki mtoto na maji ya sukari.

Dawa ya maji mie nilitia kwenye mkoba wa nepi chini kabisa na bomba lake, nampa alfajiri nikiamka kusali, nyumba imelala. Mtu akinikuta ntasema dawa ya mtoto nimepewa hospitali, basi, watoto wangapi hurudi na dawa.

Shangazi_Dole

Mie simo katika wataalamu ila naona dada yake kasema kweli. Virusi vimo kwenye maziwa hilo linajulikana. Kwa nini kubahatisha, maziwa ya kopo yapo madukani kila pahala. Mkwe aambiwe maziwa hayakutoka, mbona wapo wasiotoka maziwa

Mkunga_wa_Zamu

Waalaykum salaam. Nimeingia sasa hivi, leo wamezaa sita. Mwanangu Bint_Kusi nakuandikia kirefu, soma polepole.

Nianze na hizo siku 5 mana hapo ndo penye kazi, kuliko maziwa. Mama mwenye virusi asipotumia dawa yoyote, katika watoto mia wanaoambukizwa ni kuanzia 15 mpaka 45, kwa mimba, uzazi na kunyonya vyote pamoja. Akitumia dawa vizuri wanashuka chini ya 5. Na watoto wa mama walokuwa kwenye dawa, kwenye utafiti wa PROMISE uliofanyika nchi kadhaa za Afrika na India, waloambukizwa kwa kunyonya mpaka mwaka mmoja hawakufika hata mmoja kwa mia. Sio sifuri, sikudanganyi, lakini umeona tofauti inatoka wapi, ni kidonge sio ziwa. Ziwa la mama anayemeza dawa zake kila siku na ziwa la mama anayeruka ni maziwa mawili mbalimbali. Kwa hivyo anayekutisha na maziwa anatazama kwengine, mie hiyo safari yako ya boti ndo inayonitisha.

Siku 5 si mwisho wa dunia, virusi ulikuwa umeshavifubaza, yani havionekani kwenye kipimo. Lakini waambie, usifiche kwa aibu. Waombe wakupime tena wingi wa virusi kabla hujajifungua, wiki hizi hizi, mana majibu huchelewa. Yakirudi chini hali yako ni ile ile, mtoto atapewa nevirapine, ndo hiyo dawa ya maji, kwa wiki 6. Yakirudi juu ya virusi 1,000 kwa mililita ya damu wanamhesabu mtoto yupo kwenye hatari zaidi, anapewa dawa mbili na kwa muda mrefu, kwa anayenyonya wiki 12. Unaona faida ya kusema? Ukinyamaza mtoto anapewa kinga ndogo kuliko anayoihitaji.

Halafu kwani lazima Unguja? Dawa zinatolewa hapo hapo Pemba, Chake Chake, Wete, na hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani. Unaogopa kuonekana Wete naelewa, kila mtu binamu. Omba barua ya uhamisho uende mji usiokujua. Na hata ukibaki huko uliko, waambie unavuka bahari wakupe za miezi mingi pamoja, na hesabu ukibakiwa na vidonge vya wiki mbili uwe njiani, sio siku mbili. Kusi halimsubiri mtu.

Shangazi_Dole sikulaumu, hivyo ndo tulivyokuwa tukifundishwa wenyewe miaka ya nyuma, kopo kama unaweza, kama huwezi nyonyesha miezi sita uache. Ushauri umebadilika kwa sababu dawa zimebadilika. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayetumia dawa vizuri anyonyeshe angalau mwaka na anaweza kuendelea mpaka miaka miwili na zaidi, kama mama mwengine yeyote. Kopo haliwi salama kwa kuwa tu ni kopo. Linataka maji safi kila mara, mafuta ya jiko, chupa za kuchemsha, na hela isokatika, mwisho wa mwezi watu wanazidisha maji. Botswana serikali iliwapa wakinamama maziwa ya kopo bure, mwaka 2006 baada ya mvua kubwa na mafuriko likaja harisho na watoto wasionyonya ndo waliozikwa kwa wingi. Nchi yenye uwezo kuliko sie ile. Wapo wanaoweza kopo, ni haki yao, lakini mtu anayekaa kwa mkwe na anaficha hali yake atalifanya nusu kopo nusu ziwa, na hiyo nusu nusu ndo tusiyoitaka.

Sababu yenyewe ni hii. Utumbo wa mtoto mchanga bado mwororo, ukipitisha maji ya sukari, uji, dawa za majani, unachubuka na kuvimba na virusi vinapata mlango. Ziwa peke yake linaulinda. Dang'a, yale ya manjano ya mwanzo, usiyakamue ukayamwaga kama wanavyofanya wengine, mpe. Lakini sikiliza na hili, ikitokea bibi kamtilia kijiko cha maji ukiwa umelala USIACHE kunyonyesha kwa woga. Rudi kwenye ziwa peke yake na meza kidonge chako. Nimeona mama kaachisha mtoto wa wiki 7 kwa ajili ya kijiko kimoja, mtoto akapata utapiamlo.

Ziwa likipasuka chuchu au likavimba lina usaha, upande huo kamua umwage mpaka lipone, nyonyesha upande wa pili, na uje tukutibu haraka. Mara nyingi ni vile anavyoshika ziwa, aingize na ule weusi wa pembeni sio ncha tu. Kinywa cha mtoto kikiwa na utando mweupe nalo njoo nalo.

Kuzaa ni hospitali. Virusi peke yake havikupeleki kisu, vikiwa vimefubaa unazaa kawaida. Kidonge chako kimeze hata uchungu umeshika, na mkunga umuonyeshe kadi, hawezi kukusaidia jambo asilolijua.

Dawa ya maji usiihamishie kwenye chupa nyengine, hilo nakukataza. Kipimo chake ni kidogo sana, mtoto wa kilo mbili na nusu kwenda juu mara nyingi ni mili moja na nusu mara moja kwa siku, fuata ulivyoandikiwa. Boksi litupe, chupa ibaki na karatasi yake.

Akifika wiki 4 mpaka 6 anatolewa damu ya kisigino, tone linakaushwa kwenye karatasi linapelekwa maabara. Kile kipimo cha kawaida cha watu wazima hakimfai mchanga, kinasoma kinga zako zilizopita kwenye mimba, kitakwambia anavyo na kumbe hana. Kuanzia wiki 6 ataongezewa septrin, dawa ya kumkinga na maradhi mengine, mpaka tuwe na hakika. Atarudiwa njiani, na cha mwisho miezi 18, ama miezi mitatu baada ya kuacha ziwa kama atanyonya zaidi. Majibu ya mwanzo yakiwa mazuri msije mkasherehekea mkaacha dawa, anayenyonya bado yupo safarini. Na ukija kumwachisha iwe polepole mwezi mzima, sio ghafla kama jirani wa dada ako.

Abu_Swabra

Mie mwanamme lakini nna neno mbili. Sura ya Al-Baqara aya ya 233 inasema mama wanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, kwa hivyo mumeo ana hoja kubwa ya kumpa mama ake, nani atabishana na hiyo. Tahniki nayo ni sunna, sioni haja ya kugombana na bibi kwa tende. Swali langu kwa mkunga tu, tende inatafunwa na mtu kabla ya kupakwa kinywani, hilo lina hatari?

Mkunga_wa_Zamu

Swali zuri Abu Swabra. Mate yenyewe hayaambukizi, ila mtu mwenye virusi akiwa na fizi zinazotoka damu akamtafunia mtoto, hilo limewahi kuambukiza, Marekani waliandika kesi zake. Kwa hivyo asitafune mama wala baba. Mimi ningesema asitafune mtu yeyote, tende ioshwe, ipondwe kwenye kisahani kwa kijiko kisafi, babu anawe mikono apake chembe kwenye kaakaa asome dua yake. Chembe hiyo haivunji kitu. Tatizo ni baada ya tende kufuata kikombe.

Shangazi_Dole

Nimesoma yote. Narudisha maneno. Mie binti yangu nilimwachisha miezi 4 kwa kazi na hakuna alonambia kitu

Bint_Kusi

Samahani nimekaa siku tatu sikujibu, nasoma usiku tu wakilala.

Mama mkunga Mungu akulipe. Nimepiga simu kule nikawaambia siku 5, nilidhani watanifokea, nesi kasema njoo utoe damu wiki ijayo. Mume kakubali kusema na mama ake, kaanza jana na ile aya, bibi kamjibu "nilikunyonyesha wewe miaka miwili na nikakupa maji, umekufa?" Kwa hivyo bado kazi ipo lol. Lakini tende kakubali ipondwe kwa sababu meno ya babu mwenyewe yameisha.

La uhamisho sijui nichague wapi. Wete hapana, Chake wifi yangu anauza nguo karibu na hospitali.

UmmuZ

Mkoani shoga angu. Mie natoka Konde nakwenda mpaka Mkoani, kisiwa kizima nakikata, tangu asubuhi nipo garini. Hakuna anijuaye na boti sihitaji. Kila nikenda tunajaa benchini sote tumevaa ninja, hakuna amjuaye mwenzie.

Bint_Kusi

Kwa hivyo ntakujuaje?

UmmuZ

Atakaekuwa anapewa sambusa na mwenzie bila ya kuomba ndo weye.