Tupeane uzoefu: kabati au kasha la kale ulilolipeleka nyumbani lilikufanyia nini?

Mtoto wa Makorora

Juzi tulikuwa Tanga kugawa vyombo vya marehemu bibi, na lile kabati lake la mninga lenye vioo lilipofunguliwa, harufu ya karafuu maiti ilinipiga usoni hata nikatoka nje kwa kisingizio cha kupokea simu. Kabati limekwenda kwa shangazi, na ni haki yake. Mimi nimebaki na hamu, na sasa natafuta la kwangu, liwe kabati la vyombo au kasha la misumari ya shaba, mradi liwe la zamani kweli.

Nakiri kwamba si mara yangu ya kwanza. Miaka mitano iliyopita nilinunua kasha Unguja, nikalivusha kwa boti hadi Dar es Salaam, wakati nikiishi ghorofa ya tatu Kariakoo. Ukuta wa sebule nilikuwa nimeupima kwa uangalifu wote, ngazi sikuzipima. Wapagazi wanne walilifikisha kwenye kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na hapo likakataa kupanda wala kushuka, huku adhana ya magharibi ikiita na majirani wakipita kwa kuinama chini yake mmoja mmoja, kila mmoja akiniachia shauri. Saa tatu usiku jirani wa ghorofa ya kwanza alilinunua kwa nusu ya bei, na kila nilipopanda kwangu nililiona mlangoni mwake likiwa limewekewa televisheni juu. Wenzangu, mlichagua vipi, na mlijuta wapi?

Baba Nasri

Pima na lifti pia. Sina la kuongeza, jeraha langu bado bichi.

Mzee wa Ng'ambo

Mimi niliuziwa kasha la «miaka mia na hamsini». Muuzaji alinisimulia majahazi, kaskazi na bibi harusi wa Kishirazi, nami nikalipa huku machozi yakinilengalenga kwa ajili ya historia. Lilikuwa jeusi, limefubaa vizuri, na shaba yake ilikuwa na ukijani wa kutia imani. Nikaweka ndani nguo zangu za heshima. Asubuhi ya Idd nikatoa kanzu nyeupe, nikaivaa harakaharaka gizani kwa kuwa umeme ulikatika, nikaenda kuswali. Nilipoinuka kwenye sijda ya kwanza nikaona mkononi doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani, na mgongoni, kama nilivyoambiwa baadaye na watu wenye upendo, yalikuwapo mengine matatu. Kasha lilikuwa limepakwa oili chafu ya gari ili lionekane kuukuu, na joto la Zanzibar lilikuwa likiitoa taratibu kutoka kwenye mbao.

Baada ya hapo ndipo nilipolichunguza kwa mara ya kwanza. Skurubu za bawaba zilikuwa za nyota. Fundi mmoja akanieleza, akicheka, kwamba skurubu zenye kichwa cha nyota zilianza kuenea duniani katika miaka ya 1930, kwa hiyo bibi harusi wangu wa Kishirazi hakuweza kuzijua. Sitii neno juu ya chini ya droo, ambako palikuwa na plaiwudi.

Fundi Randa

Mzee wangu, pole, lakini skurubu peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu hata kasha la kweli hubadilishwa bawaba pale za zamani zinapokatika. Tazama matundu: kama skurubu mpya imekaa karibu na matundu ya kale yaliyozibwa, hayo ni matengenezo, kama hakuna tundu jingine lolote, umeuziwa kitu kilichozaliwa na skurubu hiyo. Toa droo yote nje na uipindue. Mbao ambazo hazionekani ndizo zisizojua kusema uongo, kwani mtu anayeghushi hupaka rangi mbele na juu, halafu huchoka. Chini ya droo ya kweli utaona pamelika mahali inaposuguana na reli yake, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa binadamu huvuta kwa mkono mmoja. Kwenye kona, meno ya mbao yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa. Yakilingana yote kama yamepigwa chapa, ni mashine. Alama za msumeno zikiwa za kuviringa kama robo ya sahani, basi mbao imepita kwenye msumeno wa duara.

Ukishanunua, niletee nilipige msasa na vanishi, liwe kama jipya.

Bi Zidaka

Fundi, ulikuwa unasema vizuri hadi sentensi ya mwisho. «Liwe kama jipya»! Mtu alipe fedha nyingi kwa ajili ya miaka mia moja ya mikono iliyopita juu ya mbao, halafu wewe uiondoe kwa msasa kwa nusu saa?

Fundi Randa

Bi mkubwa, wateja wangu ndivyo wanavyotaka. Ningengoja wateja wa falsafa yako, wanangu wasingekwenda shule.

Bi Zidaka

Waeleze basi kabla hujawatoza. Wachukue kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, wajaribu mahali pa siri nyuma ya mguu. Ganda la juu likilainika na kunata, hiyo ni laka ya kale, nayo inaweza kurekebishwa bila kukwanguliwa. Kisha nta ya nyuki, kitambaa kikavu, na subira. Na likiwa limepakwa rangi ya zamani ndiyo kabisa msilikwangue ndani ya nyumba yenye watoto, maana rangi nyingi za zama zile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Tena niseme jambo linaloniudhi katika biashara hii. Kila kasha likiuzwa huitwa «kasha la Lamu» au «kasha la Zanzibar», kana kwamba lilichipua hapo. Makasha mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, hasa Surat na Bombay, na ndiyo maana wenyewe bado wanayaita kwa majina hayo, pamoja na lile la Shirazi. Mafundi wa pwani na wa Oman nao walitengeneza yao. Nyumba zetu za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kaure na Msahafu. Kasha lilikuwa la nguo, udi, marashi na dhahabu ya mwanamke. Anayetaka kuhifadhi sahani ndani ya kasha atachoka kuinama.

Mtoto wa Visiwani

Kwa hiyo Zanzibar hatukutengeneza kitu? Hii kauli ya watu wa Lamu tumeizoea.

Bi Zidaka

Soma tena sentensi ile ya mafundi wa pwani, mwanangu, kisha ukasirike upya.

Mluguru

Samahani kwa kuingilia ugomvi wa watu wa bahari. Sisi Morogoro tulikuwa na kabati la wavu la kuwekea chakula, na miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya maziwa yaliyojaa maji ili sisimizi wasipande. Nimelipata moja la mvule, nimelitia vitabu. Hewa inapita, hakuna ukungu. Makopo nimeyaacha, ila sasa hayana maji.

Mama Wawili

Nimesoma yote haya nikicheka hadi nilipofika kwenye neno «bawaba», na mikono ikaanza kunitetemeka. Naomba niandike, kwa kuwa hakuna aliyegusa jambo hili.

Kasha letu lilikuwa la kweli. Halikuwa na oili wala plaiwudi. Lilikuwa na urefu wa kiasi cha mita moja na robo, na lilikuwa na kasoro mbili tu: ubao wa nyuma ulikuwa na ufa ambao kidole changu kidogo kiliweza kupita, na kitasa chake cha asili kilikuwa kimepotea. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, aliliwekea kitasa kipya cha springi, ambacho mfuniko ukishuka hujifunga chenyewe. Alinionyesha mara tatu jinsi kinavyolia «ta!», nami nikafurahi kwamba nguo zangu zitakuwa salama. Ufa nililalamikia sana. Fundi aliahidi kuja wiki inayofuata kuuziba kwa gundi na unga wa mbao.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, hapa Ilala. Nilikuwa jikoni nakaanga bajia, na watoto sita, wangu na wa jirani, walikuwa wakicheza kombolela. Ikafika wakati wote wakaonekana isipokuwa mwanangu wa miaka mitano. Mwanzoni tulicheka kwamba amejificha vizuri. Tukamtafuta uani, chini ya vitanda, nyuma ya tangi la maji, kwa jirani, hadi barabarani. Mafuta ya bajia yakaanza kutoa moshi, nikazima jiko, na katika ule ukimya dada yake akasema: «Mama, mle kwenye kasha kuna panya anakwaruza.»

Ufunguo ulikuwa kwenye shada la funguo za baba yao, na baba yao alikuwa kwenye daladala. Nilichukua mchi wa kinu nikapiga kitasa hadi shaba ikabonyea, nacho hakikuachia. Jirani akaja na shoka, akataka kupasua mfuniko, nikapiga kelele kwamba kichwa cha mtoto kiko chini yake. Hatimaye tuling'oa bawaba nyuma kwa nyundo ya kung'olea misumari, na mfuniko ukainuka kinyumenyume. Alikuwa amelala kifudifudi, amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani, na mdomo wake ameubana kwenye ule ufa.

Fundi alikuja kweli wiki iliyofuata na kopo lake la gundi. Nilimwambia ang'oe kitasa na ufa auache ulivyo.

Baba Nasri

Subhanallah. Mtoto anaendeleaje?

Mtoto wa Makorora

Dada, nimesimama kusoma. Tuambie, mtoto yuko salama?

Mama Wawili

Yuko darasa la nne, mzima, mtundu. Anadai kasha ni lake kwa urithi.

Mtaalamu

Pamoja na pole zote, watoto sita waliachwa peke yao na mama yuko jikoni. Tusilaumu kasha.

Mluguru

Wewe uliyejipa jina la Mtaalamu, umewahi kukaanga bajia ukiwa na watoto sita miguuni? Nyamaza.

Mzee wa Ng'ambo

Naunga mkono. Aliyelala usingizi ni aliyeweka kitasa.

Wa Minneapolis

Dada, jambo lililokupata huku Marekani limeua. Yako makasha ya mwerezi ya kampuni moja, yaliyotengenezwa tangu 1912 hadi 1987, ambayo vitasa vyake hujifunga vyenyewe. Mwaka 1996 yalitangazwa yapatayo milioni 12 kwamba yabadilishwe vitasa, baada ya watoto kufa ndani yake kwa kukosa hewa. Watu bado huyarithi na kuyanunua kwenye minada ya majumbani bila kujua. Mimi nilinunua moja, nikang'oa kitasa kwenye maegesho kabla ya kulipakia kwenye gari. Vilevile kabati refu lifungeni ukutani kwa chuma, kwa sababu mtoto akivuta droo tatu kwa pamoja na kuzipanda kama ngazi, kabati zima humwangukia.

Mtoto wa Visiwani

Ndiyo maana wazee walitumia komeo na kufuli la kuning'inia. Halijifungi bila mkono wa mtu.

Bi Zidaka

Hapo tumekubaliana, mwanangu.

Msafiri wa Nairobi

Nina swali dogo: nimepata kabati zuri katika Mji wa Kale, Mombasa, na nataka kumpelekea mkwe wangu Ujerumani. Kuna shida?

Bi Zidaka

Ipo. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, nacho hakitoki nje bila kibali. Milango ya kuchonga ya kabla ya 1946 nayo inalindwa. Anza kwa kuuliza ofisi za makumbusho kabla hujalipia meli. Au mnunulie mkwe jipya la fundi, kusudi la kale libaki.

Msafiri wa Nairobi

Muuzaji ameniapia kuwa ni la 1850.

Mzee wa Ng'ambo

Basi kachungulie skurubu, huenda sheria isikuhusu kabisa.

Baba Nasri

Na wadudu je? La kwangu linamwaga vitu sakafuni kila asubuhi. Mke wangu anasema mwarobaini, mama anasema mafuta ya taa, na shemeji ananishauri nilichome moto.

Fundi Randa

Inategemea kinachomwagika. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya vitundu vya mviringo, ni wadudu wanaobungua mbao. Ukiona punje ndogondogo ngumu kama mchanga au ufuta, huyo ni mchwa wa mbao kavu, ambaye hahitaji udongo na anaweza kuhamia kwenye kenchi za nyumba yako. Vitundu vyeusi visivyomwaga kitu huwa vya zamani. Visikutishe, ila mpunguzie muuzaji bei. Mafuta ya taa yatakupa harufu na hatari ya moto, na mdudu aliyeko ndani hatayasikia. Kitu kidogo, kama droo moja, kifunge kwenye plastiki ukiweke kwenye friza la kugandisha kwa wiki mbili. Kabati zima lahitaji mtu wa dawa.

Baba Nasri

Ni kama ufuta.

Fundi Randa

Basi lisilale tena ndani ya nyumba leo.

Mtoto wa Makorora

Nimerudi. Leo nimekwenda kuona kabati la vyombo huko Tanga, nikiwa na utepe wa kupimia, tochi na kitambaa chenye spiriti. Muuzaji ameniuliza kama natoka polisi. Droo nimezipindua zote. Moja ina meno yasiyolingana, reli zimelika upande wa kulia, na kitasa ni cha ufunguo, hakijifungi. Ngazi za kwangu nimezipima mara mbili, na sentimita sita zinabaki. Bei bado tunavutana, kwa kuwa upande wa nyuma kuna ufa naye anataka kuuziba bure kabla ya kunikabidhi. Nimemwambia auache.