Karatasi za mazoezi: mbona wanazijaza vizuri, kisha imla inawashinda?

Mwalimu wa darasa la pili ameuliza:

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la pili, na karatasi za mazoezi ninazitumia karibu kila kipindi. Wanafunzi wanazipenda, darasa linatulia, na wengi wao wanapata alama za kuridhisha. Linalonisumbua ni kwamba ustadi huo hauonekani nje ya karatasi. Mtoto aliyejaza irabu zote zilizokosekana chini ya picha ya kabati, nikimsomea neno hilohilo katika imla, anaandika "kbati". Katika hesabu vilevile, aliyemaliza ukurasa mzima wa kutoa bila kukosea, nikichanganya maswali kidogo tu ananiandikia kwamba 52 − 27 ni 35. Je, kasoro iko kwenye karatasi zenyewe, kwenye namna ninavyozitumia, au niachane nazo kabisa?

Mwalimu wa lugha amejibu:

Mwalimu mwenzangu, usiachane nazo. Ila kabla ya kugawa karatasi yoyote, ijibu wewe mwenyewe kwanza, na kwa kila jibu ujiulize limetoka wapi. Katika zoezi lako la kabati, picha imekwisha kumtajia mtoto neno, konsonanti zimekwisha kuandikwa, na kilichobaki ni kuchagua irabu katika tano, pengine zikiwa zimeorodheshwa juu ya ukurasa. Imla inamdai asikie neno zima, aligawe katika silabi, akumbuke umbo la kila herufi na kuziandika kwa mpangilio. Hizo ni kazi mbili tofauti, na karatasi yako ilipima ile nyepesi.

Mimi huanza bila karatasi. Watoto hupiga makofi kwa kila silabi, kisha hupanga kadi za "ba", "bu", "ta", "ti" na "ka" ili kuunda babu, bata, bati na kabati, na ndipo karatasi inapokuja, ikiwa na silabi hizo hizo lakini bila picha. Mwishoni mwa ukurasa huweka maneno machache yasiyo na maana, kama "tibaku" au "butaka", ambayo mtoto hawezi kuyasoma kwa kukumbuka sura ya neno wala kwa kubahatisha. Akiyasoma, ujue anasoma kweli. Sauti zinazokaribiana nazo zinastahili zoezi lake: pata na bata, fua na vua, kula na kura, ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Hapo mwalimu hutamka na mtoto hupigia mstari neno alilolisikia, kwa hiyo sikio na jicho vinafanya kazi pamoja.

Kuhusu ufahamu, jihadhari zaidi. Soma sentensi hii: "Mkoso ulitinga kwenye fupe." Sasa jibu: mkoso ulitinga wapi? Umejibu sawasawa, na hakuna ulichokielewa. Maswali mengi ya ufahamu katika karatasi za watoto ni ya namna hiyo, yaani mtoto hutafuta maneno ya swali ndani ya habari na kunakili yanayofuata. Weka angalau swali moja ambalo jibu lake halikuandikwa popote, kwa mfano kwa nini mhusika alirudi nyumbani mapema, ili alazimike kuunganisha mambo mawili aliyoyasoma.

Mwalimu wa hisabati amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu, nami niongeze kwa upande wa hesabu. Hiyo 35 si bahati mbaya. Mtoto ametazama mamoja, akaona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5. Kisha kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Ukurasa wako wa kwanza haukuifichua kwa sababu, nadhani, maswali yake yote hayakuhitaji kukopa, na katika maswali hayo kanuni mbovu na kanuni sahihi hutoa jibu moja. Weka 58 − 23 na 52 − 27 kwenye mstari mmoja. Mtoto huyo atapata 35 kote kuwili, nawe utakuwa na jambo zuri sana la kumwuliza: inawezekanaje tukianza na namba ndogo zaidi na kutoa nyingi zaidi, tubaki na kiasi kilekile?

Kisha mpe vijiti, vikiwa vimefungwa kumikumi. Afungue fungu moja yeye mwenyewe ili apate mamoja 12, atoe 7, ahesabu vilivyobaki. Baada ya hapo achore mafungu na vijiti kwenye karatasi, na mwisho kabisa aandike tarakimu peke yake. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 njia hizo tatu za kulishika wazo, yaani kwa vitendo, kwa picha na kwa alama. Karatasi nyingi huanzia kwenye alama, na hapo ndipo watoto wanapoachwa nyuma.

Jaribu pia swali hili: 8 + 4 = __ + 5. Watoto wengi huandika 12, kwa kuwa wamezoea kwamba alama ya sawasawa humaanisha "andika jibu hapa". Maswali sita yaliyochaguliwa kwa namna hii yatakueleza mengi kuliko ishirini yanayofanana.

Mwalimu mstaafu amejibu:

Naafiki, lakini msiyadharau mazoezi ya kurudiarudia. Mtoto ambaye bado anahesabu vidole ili apate 7 + 5 hubakiwa na nafasi ndogo kichwani ya kufuatilia kukopa, hivyo anapotea katikati ya swali hata kama alielewa vijiti. Jambo la kuangalia ni wakati. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba tulichojifunza huanza kusahaulika upesi, na kwamba marudio yaliyotawanywa hushikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa. Badala ya ukurasa mzima wa kutoa siku moja, weka maswali machache leo, machache kesho, na mengine wiki ijayo yakichanganywa na ya kujumlisha.

Mwalimu wa darasa la pili ameandika:

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Imebaki hofu moja. Darasa langu ni kubwa, na kusahihisha kwa makini namna hii kila siku sitaweza.

Mwalimu wa hisabati amejibu:

Usisahihishe kila kitu. Chagua maswali mawili yanayofichua zaidi, yatazame hayo tu, na upange karatasi katika mafungu matatu: walioelewa, waliokosea kwa kanuni moja inayofanana, na wale ambao huwezi kutambua walifikiri nini. Fungu la pili utalifundisha kwa pamoja kesho yake, ukiandika ubaoni swali lililokosewa bila kutaja jina la mtoto, na kuwauliza wote kosa limeanzia wapi. Fungu la tatu kwa kawaida huwa dogo. Hao waite mmojammoja wakati wenzao wanafanya kazi, umpe kila mmoja penseli na kumwambia akueleze kwa sauti anachokifanya. Maswali yaliyobaki waache wasahihishe wenyewe kwa majibu uliyoyaandika ubaoni.

Mwalimu wa lugha amejibu:

Kwa imla fanya hivyohivyo. Maneno matano yanatosha, na katika kila neno angalia silabi iliyokosewa badala ya kulipiga mkasi neno zima. Aliyeandika "kbati" amekosa silabi moja tu, nayo ni ile ya mwanzo. Huyo mrudishe kwenye kadi ya "ka" kabla hujampa karatasi nyingine.