Ufadhili wa PhD kwa wanawake: nihamie nje au niwe nakwenda na kurudi?

BintiMeru: Wakuu, habari za jioni. Nina shahada ya uzamili ya sayansi ya maada. Utafiti wangu ni mkaa wa mifupa wa kuchuja floraidi kwenye maji. Tuliokulia Meru, ambako floraidi ya maji imetupa meno ya kahawia, tunaelewana. Nataka kuomba ufadhili wa OWSD, ile taasisi ya wanasayansi wanawake yenye makao Trieste, Italia. Kuna njia mbili: kuhamia nje hadi miaka minne, au kusajiliwa chuo cha nyumbani ukawa unakwenda maabara ya nje na kurudi. Nina mtoto wa miaka miwili. Nichague ipi? Halafu wenzangu maabara wameshaanza: "Utabebwa, siku hizi gauni ni cheti." Naomba ushauri, matusi hapana.

Mpitanjia: Dada, wenzako wana hoja. Sayansi ni sayansi, tushindanishwe wote. Mimi mtoto wa mkulima wa Kahama nani ananitengea nafasi?

Mama Wawili: Mpitanjia, kubebwa kuko wapi? Andiko la utafiti anaandika mwenyewe, maabara ya kumpokea anatafuta mwenyewe, na anashindana na wanawake wa Nepal, Yemen, Ethiopia na kwingineko. Kwenye usaili mmoja niliulizwa "mtoto utamwacha na nani?" Mwanaume aliyeingia baada yangu ana watatu, hakuulizwa kitu. Wakulima wa Kahama nao watengewe, mimi nitasaini.

Mzee wa Tanuru: Binti, hayo ya gauni waachie wenyewe. Amua kwa mashine. Orodhesha vipimo usivyoweza kupata nyumbani: eksirei ya kuona mpangilio wa fuwele, hadubini ya elektroni, kupima vinyweleo vya mkaa. Hivyo ni vya miezi tu. Kuchoma mifupa na kupitisha maji halisi ya Meru kwenye chujio hadi lishindwe kushika floraidi zaidi, hiyo ndiyo kazi ndefu, na lazima ufanyie huko huko nyumbani. Maji ya kutengeneza maabara hayana tabia za maji ya kisima. Kwa hiyo chagua kwenda na kurudi. Wanaruhusu safari hadi tatu, jumla isizidi miezi 20, na mojawapo ifike walau miezi sita. Hiyo ya miezi sita ipangie mapema nani atakaa na mtoto. Maabara mwenyeji iwe nchi inayoendelea, mfano Afrika Kusini, India au Malaysia. Ujerumani sahau.

Mama Wawili: Na profesa usimwandikie barua ya "naomba nafasi". Soma makala zake, mtumie grafu yako moja, mwambie kipimo gani chake kitajibu swali lako.

BintiMeru: Shukrani sana. Tatizo msimamizi wangu wa hapa anakaribia kustaafu.

Mzee wa Tanuru: Mwombe akupatie msimamizi mwenza kabla hujatuma maombi, jina lake liwemo kwenye andiko tangu mwanzo.