Naomba ushauri: risiti za zabibu zinagoma kuingia MySQL, "Duplicate entry"

Mtoto_wa_Zuzu:
Wakuu habari za jioni. Kuna chama cha wakulima wa zabibu huku pembezoni mwa Dodoma nimekitengenezea kamfumo ka mapokezi. Vituo ni viwili, kila kituo kina mizani yake na simu yake. Karani anapima kreti, anaingiza mkulima na kilo, programu inatoa namba ya risiti. Mtandao huku ni wa kubahatisha, kwa hiyo simu inatunza rekodi kwanza, ukirudi ndipo inatuma kwa seva yenye databesi ya MySQL.

Sasa rekodi nyingine zinakataliwa, kosa 1062:

`Duplicate entry '147' for key 'mapokezi.PRIMARY'`

Ufunguo msingi, yaani safu ambayo thamani yake hairuhusiwi kujirudia kwenye jedwali, ni namba ya risiti. Jamaa mmoja kaniambia niweke INSERT IGNORE, ile amri ya kuingiza inayogeuza kosa kuwa onyo tu, yaishe. Nimeijaribu kwenye nakala ya pembeni, kweli kelele zimekata, ila jumla ya kilo haifanani na daftari la karani. Nifanyeje? Siku ya malipo inakaribia na wazee hawana utani na kilo zao.

kibaigwa255:
Weka REPLACE INTO mkuu, mpya inakaa juu ya ya zamani. Mbona jambo dogo hilo.

Nzuguni_B:
Usimpoteze mwenzio. REPLACE inafuta mstari wa zamani halafu inaingiza mpya. Kama jedwali la malipo limeunganishwa kwa ON DELETE CASCADE, na malipo yanaondoka nao.

Mleta uzi, hiyo 147 ya pili ni mkulima yuleyule na kilo zilezile, au ni mtu mwingine?

Mtoto_wa_Zuzu:
Nimechungulia, ziko za aina zote mbili. Nyingine ni rekodi ileile imekuja mara mbili. Ila hiyo 147, kituo cha kwanza ni mzee mmoja kilo 212, cha pili ni mama mwingine kabisa, kilo 86.5.

shabiki_wa_mchuzi:
Samahani natoka nje ya mada, zabibu kilo bei gani huko sasa hivi?

Nzuguni_B:
Basi una magonjwa mawili na umeyapa dawa moja.

La kwanza: simu imetuma, seva imehifadhi, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu ikadhani haijafika, ikatuma tena. Hiyo ni marudio halali na seva inatakiwa ijibu "nimeshapokea", siyo kugoma. La pili: kila simu inahesabu kuanzia 1, lazima zigongane. Ukiweka IGNORE, kilo 86.5 za yule mama zinatupwa kimyakimya, na ndizo zinazopungua kwenye jumla yako.

Fanya hivi. Karani akibonyeza kuhifadhi, simu yenyewe itengeneze UUID, yaani kitambulisho kirefu kisichofanana na cha rekodi nyingine, iwe ileile hata rekodi ikitumwa mara kumi. Huo ndio ufunguo msingi. Namba ya risiti iwe ya kipekee ndani ya kituo chake tu:

`UNIQUE KEY (kituo, namba_risiti)`

Mtoto_wa_Zuzu:
Asante sana mkuu. Kwa hiyo naandika ON DUPLICATE KEY UPDATE, yaani ikigongana isasishe iliyopo?

Mama_Seva:
Hapana mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanaumia. Kwenye MySQL amri hiyo inafyatuka kwa ufunguo wowote wa kipekee uliogongwa, huchagui. Ukishakuwa na funguo mbili, rekodi yenye UUID mpya lakini risiti iliyokwishatumika itaandikwa juu ya rekodi ya mtu mwingine. Databesi nyingine, PostgreSQL, kwenye ON CONFLICT unataja safu unayoikusudia, MySQL huna nafasi hiyo.

Tumia INSERT ya kawaida. Ukipata 1062, tafuta kwa UUID. Ikiwepo na kilo ni zilezile, iambie simu imepokelewa. Isipokuwepo, au kilo zikitofautiana, ipeleke kwenye jedwali la pembeni, mtu aikague. Usianze na SELECT kuangalia kama ipo ndipo uingize. Maombi mawili yakija kwa pamoja yote yataambiwa haipo.

Na IGNORE ina jingine. Safu ya kilo ikiwa DECIMAL(5,2), yaani tarakimu tano, mbili zikiwa baada ya nukta, na gari likaleta kilo 1250, itaandika 999.99, utaambulia onyo tu ambalo hakuna anayelisoma.

kibaigwa255:
Duh, hiyo ya REPLACE mimi ninayo kazini 😅 ngoja nikaangalie.

Mtoto_wa_Zuzu:
Nimewaelewa wakuu. Na zilizokwishagoma je?

Nzuguni_B:
Bado ziko kwenye simu?

Mtoto_wa_Zuzu:
Ziko. Simu haifuti mpaka ijibiwe na seva.

Nzuguni_B:
Afadhali. Waambie makarani wasifute programu wala kusafisha data yake. Toa nakala ya databesi kwanza, badilisha jedwali, rekodi za zamani zipe UUID, ndipo uruhusu simu zitume. Zile zilizokuwa zimeingia zitagonga kituo na risiti, zitaishia jedwali la pembeni. Hizo kaa na karani mlinganishe na vishina vya risiti, moja moja.

Mtoto_wa_Zuzu:
Sawa mkuu, kesho asubuhi naenda kituo cha pili, ndiko ziko nyingi.